Amotisere Haibebi Mzigo: Soma Kabla ya Kubadilisha za Nyuma Kwenye Pikapu Yako

Mjini Goma, pikapu ikianza kuinama nyuma, ushauri ni uleule kila kona: "Papa, badilisha amotisere" (shokapu). Utausikia kwa muuza vipuri wa Birere, kwa shofere anayesubiri abiria wa Sake, hata kwa jirani aliyesogea kutazama tu. Mwenye gari anatoa dola zake, anafungiwa amotisere mbili mpya zinazong'aa, kesho yake anapakia magunia ya maharage, na gari linainama vilevile. Lawama zinaanza hapo. Kipuri ni cha bandia, muuzaji ni mwizi, fundi hajui kazi. Mara nyingi wote hawana kosa. Kipuri kinaweza kuwa halali na kazi ikawa safi, lakini kuinua gari si kazi ya amotisere na haijawahi kuwa kazi yake.

Tuanze na vitu vyenyewe. Lala chini utazame nyuma ya pikapu ya kazi, iwe Toyota Hilux au Land Cruiser 79. Utaona chuma kinene kinachotoka gurudumu moja hadi la pili, chenye uvimbe wa duara katikati. Hiyo ni ponti ya nyuma. Kila upande, ponti imefungwa kwenye resori ya malame, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kukazwa pamoja. Ncha mbili za malame zimeshikwa na shasi. Uzito wote wa sanduku, mzigo na watu waliokaa juu ya mzigo unapita kwenye malame hayo kabla ya kufika kwenye magurudumu. Kwenye pikapu nyingi, lame la chini kabisa ni nene na limenyooka kuliko mengine. Hilo hukaa tu bila kazi gari likiwa tupu, linaanza kusaidia mzigo unapokuwa mzito.

Amotisere, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita shokapu, ni ule mrija wa chuma uliosimama kwa kuinama kati ya shasi na ponti, mmoja kila upande. Ndani yake kuna mafuta, na kuna fimbo inayoingia na kutoka. Kwenye miisho yake kuna mipira migumu ambayo mafundi huiita silentibloki. Ukizifungua amotisere zote mbili ukaziweka kando, pikapu itabaki kwenye kimo chake, au itashuka kiasi ambacho jicho halitakiona.

Sasa kama haibebi, inafanya nini?

Malame yana tabia moja mbaya: yakikandamizwa, yanarudisha. Gurudumu likipanda jiwe, malame yanapinda, halafu yanairusha nyuma ya gari juu. Gari likishuka, yanapinda tena, yanarusha tena. Yakiachwa peke yake, jiwe moja lingekupa miruko mingi. Kazi ya amotisere ni kuua mruko huo mapema. Ndani ya mrija, mwisho wa fimbo kuna pistoni yenye matundu madogo, na kila fimbo inapotembea, mafuta hulazimika kupenya kwenye matundu hayo. Ukiwa umesimama ndani ya Ziwa Kivu, maji yamekufika kifuani, sogeza mkono wako polepole chini ya maji: unapita bila taabu. Jaribu sasa kuupeleka kwa kasi kama unayepiga kofi, maji yanakataa. Maji ni yaleyale, kilichobadilika ni kasi tu.

Hapo ndipo jambo lote limejificha. Amotisere hupinga mwendo, na kadiri mwendo ulivyo wa kasi ndivyo inavyopinga zaidi. Gari likisimama na mzigo wake hakuna mwendo, kwa hiyo hakuna cha kupinga. Magunia yatashusha fimbo polepole mpaka mahali malame yatakaposema basi.

Zile za gesi huwachanganya watu zaidi, maana mpya ukiikandamiza kwa mkono inarudi yenyewe, na mtu anasema: unaona, ina nguvu ya kubeba. Nguvu hiyo ni ndogo mno mbele ya mzigo wa tani. Gesi, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni, imewekwa humo ili mafuta yasitoe povu.

Na povu kwetu hapa si jambo la vitabuni. Nguvu ya mruko haipotei hewani, inageuka joto ndani ya mafuta. Mji huu unakaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kufunika hata sehemu ya uwanja wa ndege, na tangu hapo tumejenga na kupitisha njia juu yake. Ukitoka kwenye lami kuingia mitaa ya ndani ya Ndosho au Majengo, gari halikutani na shimo moja kisha likapumzika. Ni jiwe, jiwe, jiwe. Fimbo inaingia na kutoka bila kupata nafasi ya kupoa, mafuta yanapata moto na kuwa mepesi, yanachanganyika na hewa, na povu linapita kwenye yale matundu bila kuzuiwa. Shofere anahisi nyuma ya gari imeanza kuelea. Akisimama kunywa chai, gari linarudi kawaida, naye anaamini hakuna tatizo. Ongeza vumbi letu la volkano, lenye chembe kali kama kioo kilichosagwa. Linashika kwenye fimbo na kula mpira unaozuia mafuta yasitoke.

Joto hilohilo ndilo kipimo kizuri na cha bure. Baada ya mwendo mrefu kwenye njia mbaya, sogeza mkono karibu na kila amotisere, kwa uangalifu kwa sababu nzima inaweza kuunguza. Mbili za nyuma zinapaswa kuwa na joto linalolingana. Moja ikiwa ya moto na mwenzake baridi, ile ya baridi haifanyi kazi.

Kipimo wanachokijua wengi ni cha kukandamiza kona ya gari kwa uzito wa mwili, kuachia, na kuhesabu miruko. Kwa gari dogo kinasaidia. Kwa pikapu tupu kinadanganya, maana malame yake yametengenezwa kwa ajili ya mzigo na wewe na uzito wako huwezi kuyapinda ipasavyo. Gari halitaruka hata kama amotisere zimekwisha. Tazama dalili nyingine: nyuma inahama upande unapopita kwenye njia ya mikunjomikunjo, gari linaendelea kuyumba baada ya tuta, tairi la nyuma limelika kwa mabondemabonde badala ya kulika sawasawa. Mafuta pia yasomwe vizuri. Unyevu mwembamba uliokamata vumbi karibu na fimbo ni jambo la kawaida. Mafuta yanayoteremka mpaka chini ya mrija ni kifo.

Kuinama ni habari nyingine kabisa. Gari tupu likiwa limelala nyuma, au upande mmoja uko chini kuliko wa pili, pita na tochi kwenye malame. Lame linaweza kuwa limevunjika na ufa umejificha chini ya tope. Yanaweza pia kuwa yamechoka na kunyooka. Na wakati mwingine, tuseme ukweli, malame hayana ugonjwa wowote. Pikapu iliyotengenezwa kubeba karibu tani moja imepakiwa mbili, na juu ya magunia wameketi watu saba. Hakuna kipuri cha kutibu hilo.

Malame ya kuongeza na amotisere iliyosahauliwa

Dawa inayopendwa hapa kwa gari linaloinama ni kuongeza lame moja au mawili. Si dawa mbaya, ila ina deni ambalo hulipwa baadaye, na anayelipa ni amotisere. Kwanza, resori iliyoongezwa nguvu inarudisha kwa nguvu zaidi. Amotisere ya kiwandani ilipimwa kwa malame ya kiwandani, sasa inapigana na adui mkubwa kuliko aliyeambiwa, nayo inachoka mapema. Pili, na hili ndilo linalovunja vyuma, nyuma ya gari imepanda. Fimbo ya amotisere ina urefu wake wa mwisho. Gari likiwa juu zaidi, fimbo inakaa karibu na mwisho huo kila siku, na gurudumu likidondoka kwenye shimo, amotisere ndiyo inayoshika ponti nzima isianguke zaidi. Inavutwa mpaka kikomo, tak! Baada ya muda silentibloki inapasuka, au kile kishikio kilichochomelewa kwenye shasi kinang'oka. Fundi anachomelea upya, kinang'oka tena, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Kwa hiyo kama gari lako limeongezwa malame, usinunue amotisere kwa jina la gari tu. Simamisha gari likiwa tupu kwenye sehemu tambarare, pima kwa utepe kutoka tundu la juu la amotisere hadi la chini. Dukani, ivute ile mpya hadi mwisho uipime, kisha ikandamize hadi mwisho uipime. Kipimo cha gari lako kinapaswa kuangukia kati ya hivyo viwili, kikiwa na nafasi ya kutosha kila upande. Kikikaa karibu sana na ule urefu wa mwisho, tafuta iliyo ndefu zaidi.

Maneno ya mtaani machache niyapitie haraka. "Chukua ngumu kabisa, ndiyo inadumu." Hapana. Ngumu kupita kiasi kwenye pikapu tupu inafanya tairi liruke juu ya mawe badala ya kuyafuata, na tairi lililo hewani halisimamishi gari. "Badilisha upande uliokufa tu." Ponti moja yenye upande mzima na upande mchovu hukanyaga barabara kwa miguu miwili isiyoelewana, hasa kwenye kona na unapofunga freni. Nunua mbili. "Zamani malori yalitembea bila amotisere." Kuna kaukweli hapo: malame yanaposuguana yenyewe kwa yenyewe yanapunguza mruko kidogo. Ila msuguano huo hauongezeki mwendo unapozidi kuwa wa kasi kama yanavyofanya mafuta, kwa hiyo unakuacha peke yako saa ile unapouhitaji.

Halafu kuna wanaotoboa amotisere kuukuu, wanamimina mafuta ya injini, na kuchomelea tundu. Uzito wa mafuta hayo si ule ambao matundu ya pistoni yalipimiwa, gesi imeshatoka, na mpira ulioachia mafuta ya kwanza utaachia na haya. Ubaya zaidi ni moto. Mrija uliofungwa, wenye mafuta na pengine gesi iliyobaki kwa shinikizo, ukiuwekea gesi ya kuchomelea unaweza kupasuka usoni kwa mtu. Kuhusu za okazyo, yaani zilizokwisha kutumika, sikuzuii, ila isimamishe wima, ikandamize na kuivuta mara kadhaa. Ukisikia sehemu ambapo mkono unapita bure, kama hakuna kitu ndani, irudishe mezani.

Kazi yenyewe, ndani ya parseli (kiwanja cha nyumbani)

Amotisere za nyuma za pikapu yenye malame ni kati ya kazi nyepesi ambazo mtu mwenye kle (spana) nzuri anaweza kuifanya nyumbani. Za mbele usizifananishe. Kwenye Hilux za kuanzia kizazi cha 2005, amotisere ya mbele imekaa ndani ya resori ya mzunguko iliyokandamizwa, na resori hiyo ikifyatuka inaua. Hiyo ipeleke kwa fundi mwenye kifaa chake. Nyuma hakuna hatari hiyo, kwa sababu malame na amotisere havishikani.

Jioni kabla ya kazi, sugua nati na bolti kwa brashi ya chuma, kisha mwagia mafuta ya kulegeza kutu. Piga picha kwa simu: fimbo imeelekea wapi, zile washa za mviringo zimepangwaje, mpira upi uko juu. Utashukuru kesho. Tazama pia kama amotisere moja imekaa mbele ya ponti na nyingine nyuma yake. Pikapu nyingi zimetengenezwa hivyo makusudi, ili ponti isitikisike gari linapovuta kwa nguvu, na si kosa la fundi aliyepita. Gari la namna hiyo linaweza kuwa na amotisere ya kulia iliyo tofauti na ya kushoto, kwa hiyo soma alama kwenye boksi.

Swali la kwanza ni kama unahitaji kuinua gari. Kwa pikapu iliyo juu, mara nyingi huhitaji. Magurudumu yote manne yabaki chini, gia iingizwe, freni ya mkono ivutwe, na magogo yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Unaingia chini na kufanya kazi.

Ukilazimika kuinua, kumbuka kwamba freni ya mkono kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma. Ukiyatoa ardhini, haishiki chochote, na yale magogo ya mbele ndiyo yanayobaki kulinda maisha yako. Kriki (jeki) iwekwe chini ya ponti, na chini ya kriki uwe na ubao mpana mnene, maana changarawe ya lava inateleza. Kisha weka shandeli, vile vyuma vya miguu mitatu au minne vya kusimamishia gari, chini ya ponti pande zote mbili, ushushe gari juu yake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake hata kwa dakika moja. Wala usisimamishe gari juu ya matofali ya saruji au mawe ya volkano. Jiwe hilo lina matundu ndani, linapasuka bila kukuaga.

Kwa nini shandeli ziwe chini ya ponti na si chini ya shasi? Kwa sababu ukiinua shasi, ponti inaning'inia, na kinachoizuia isishuke zaidi ni amotisere unayotaka kuifungua. Ukiifungua, ponti inaanguka kidogo na inaweza kuvuta mpira wa freni.

Fungua upande mmoja tu, umalize, ndipo uende upande wa pili. Kwenye Toyota nyingi kle ya 17 ndiyo inayofanya kazi kubwa, lakini uwe na seti. Kama mwisho wa juu ni fimbo yenye nati, fimbo itazunguka pamoja na nati. Ishike kwenye kichwa chake kilichobanwa bapa kwa kle ndogo. Nati ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno wa chuma. Usiwashe gesi, kwa sababu ileile niliyoitaja.

Kabla ya kufunga mpya, isimamishe wima fimbo ikiwa juu, uikandamize na kuivuta taratibu mara tano au sita. Imesafiri na kulala kwenye boksi, hewa imeingia mahali pa mafuta. Kama ina mkanda unaoizuia kufunguka, anza kwa kuifunga juu, halafu kata mkanda na uielekeze chini mpaka itoshee. Ikipita au isifike, inua au shusha ponti kidogo kwa kriki. Usiilazimishe kwa nyundo.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wazuri huliruka. Nati za mwisho wenye tundu na silentibloki zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake. Mpira wa ndani hubanwa ukiwa na pembe fulani. Ukiukaza ponti ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote, na utapasuka ukiwa bado mpya. Kwa mwisho wa fimbo, kaza mpaka mpira uanze kuvimba na kulingana na upana wa washa yake, uishie hapo. Kupasua mpira kwa kukaza sana si ufundi.

Zungusha gari mtaani polepole. Nyuma ya gari tupu inaweza kuonekana ngumu kuliko jana, hiyo ni kawaida. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbaya, rudi na kle uzipitie nati zote nne. Na kama "tak, tak" inaendelea baada ya amotisere mpya, usirudi dukani kugombana. Kagua silentibloki za ncha za malame, kisha vile vyuma vya umbo la U vinavyofunga malame kwenye ponti. Nati zake hulegea zenyewe kwenye mawe.